Njiti za kiberiti za Jimmy Thach

Usiku huu nimemwaga kiberiti kizima mezani. Nimechagua njiti nne, nimezilaza mbili huku mbili kule, vichwa vyote vinaangalia ukutani, halafu ya tano nimeiweka nyuma yao, hiyo ndio adui. Nafanya hivi kwa sababu kuna rubani wa kivita wa Marekani alifanya hivihivi mwaka 1941, nyumbani kwake Coronado kule California, kwenye meza ya jikoni, usiku baada ya usiku, na kilichotoka pale mezani kikaja kuwarudisha marubani wengi makwao wakiwa hai. Stori yake nimekaa nayo kifuani muda mrefu, leo naitoa.

Jina lake kamili ni John Smith Thach lakini wote wanamjua kwa Jimmy, na hilo Jimmy lenyewe asili yake si lake ni la kaka yake. Kaka mtu, James, alimtangulia kwenye chuo cha maafisa wa jeshi la majini la Marekani pale Annapolis, sasa mdogo alivyoingia wakubwa wakaona sura ileile wakamuita Jimmy vilevile, likaganda mpaka anazikwa. Alizaliwa 19 Aprili 1905 Pine Bluff, Arkansas, huko ndani bara ambako bahari huioni hata upande mti gani. Annapolis alimaliza 1927, akakaa manowarini kidogo kama kawaida ya maafisa wa enzi hizo, na 1930 akapata mabawa yake ya urubani. (Na kaka yake naye alikuja kuwa admirali, nyumba moja maadmirali wawili.)

Miaka ya 30 naipita haraka, alirusha ndege za aina nyingi, alifanya kazi ya majaribio, alijulikana kwa kulenga shabaha hewani kuliko wenzake wengi. Kinachonihusu mimi kinaanza 1940 alipopewa kikosi cha ndege za kivita kinachoitwa Fighting Three, wale ambao nembo yao ni yule paka Felix kashika bomu lenye utambi unaowaka. Thach alikuwa na utaratibu wake, rubani mgeni akifika anapandishwa hewani kupambana kwa mchezo na wazoefu, lengo aone mwenyewe kwamba bado hajajua kitu, halafu ndio anaanza kufundishwa. Siku moja akaja kijana mmoja anaitwa Edward O'Hare, wanamwita Butch, wakampandisha, na hakushikika. Thach akampenda kuanzia siku hiyo.

Sasa mwaka 1941, kabla hata Wajapani hawajaipiga Pearl Harbor, kituo cha manowari za Marekani kule Hawaii, inafika ripoti ya kijasusi kutoka China. Inasema Wajapani wana ndege mpya ya kivita, inapanda kwa kasi ya ajabu, inakata kona kama kipanga, na inaenda mbali kuliko chochote walicho nacho Wamarekani. Hiyo ndio Zero. Marubani wengi walisoma wakaguna, wakasema haiwezekani, huyo aliyeandika kaongeza chumvi. Mi nadhani ukubwa wa huyu mtu unaanzia hapohapo, aliamini. Alijiambia hata kama nusu tu ya haya ni kweli basi sisi na hizi ndege zetu za Wildcat tumekwisha, tutafute la kufanya sasa hivi na sio siku tutakayokutana nao.

Na Wildcat ilikuwa nzito kwelikweli. Ngoja nikupe kitu kimoja tu uone. Magurudumu yake hayapandi yenyewe, rubani akishapaa anazungusha mpini kwa mkono wa kulia karibu mara 30 mpaka magurudumu yaingie tumboni, huku usukani kauhamishia mkono wa kushoto, na ndege ikawa inanesanesa juu ya maji kwa sababu mwili mzima wa rubani unatikisika na ule mpini. Ilikuwa ngumu kufa hiyo sikatai, rubani ana bamba la chuma mgongoni, tanki la mafuta likitobolewa linajiziba lenyewe, vitu ambavyo Zero haina. Ila huwezi kumkimbia Zero, huwezi kupanda kumzidi, na ukiingia naye kwenye kuzungushana kona atakuwa nyuma yako kabla hujameza mate.

Basi jioni akirudi nyumbani anatoa kiberiti, anamwaga njiti mezani, kila njiti ndege moja, anaanza kuzisogeza. Kosa la kwanza aliloliona ni desturi ya kuruka watatu watatu, kiongozi mbele na wawili nyuma yake kushoto na kulia. Wale wawili muda wote wanahangaika wasigongane, nani ataangalia nyuma? Akawagawa wawili wawili. Jozi hii inaruka sambamba na jozi ile, na katikati yao anaacha nafasi inayotosha kila upande kukata kona kali kumuelekea mwenzake. Halafu akaweka sheria moja ambayo mpaka leo nikiifikiria nasisimka: we huangalii mkia wako, unaangalia mkia wa mwenzako wa upande wa pili.

Sogeza njiti uone. Adui anakuja nyuma ya jozi ya kushoto. Jozi ya kushoto haimuoni maana yuko mgongoni kwao, lakini jozi ya kulia inamuona vizuri kabisa, basi wanachofanya ni kukata kona kali kuelekea kushoto. Hawasemi neno redioni. Ile kona yenyewe ndio taarifa, wa kushoto akiona mwenzake kageuka kumuelekea anajua hapohapo kwamba nina mtu nyuma, naye anakata kona kuelekea kulia, wanapishana katikati kama watu wawili mlangoni. Sasa adui ana mambo mawili tu, ama amuachie yule aliyekuwa anamfukuza aondoke zake, ama amfuate kwenye kona na akimfuata anajikuta uso kwa uso na bunduki za jozi ya pili. Wakishapishana wanageuka wanarudi, wanapishana tena. Jina ililokuja kupewa kwa lugha yao maana yake ni kusuka, na mtu aliyekulia pwani hahitaji kuelezwa mara mbili, ni ukili wa mkeka huo, mwaa huu unapita juu ya mwenzake unarudi chini, na ukiuchomoa mmoja peke yake hauna nguvu yoyote, unakatika kwa vidole.

Angalia alichokifanya hapo, Zero alikuwa anamzidi Wildcat mmoja kwa kila kitu kinachohusu kuruka, Thach hakugusa injini wala bawa wala risasi. Alibadilisha nani anamuangalia nani, basi.

Akaipeleka hewani kuijaribu, na aliijaribu kwa haki. Alichukua ndege nne akawazuia wasiongeze moto kupita nusu, hao ndio Wildcat maskini. Butch O'Hare akapewa ndege nne nyingine na ruhusa ya kutumia injini yote, hao ndio Zero. O'Hare akashambulia kila namna anayoijua, juu, ubavuni, nyuma, na walivyotua akaja kwa Thach kashangaa, akamweleza kwamba kila alipokuwa anakaribia kupata shabaha akiinua macho anakuta pua ya ndege nyingine inamtazama yeye. Huyo ni rubani bora kuliko wote kikosini na ndege yenye nguvu mara mbili, ameshindwa.

Vita ikaingia Desemba. Meli yao ya kubeba ndege, Saratoga, ikapigwa topido, lile bomu linalokwenda chini ya maji, Januari 1942, kikosi kikahamia meli nyingine, Lexington, na tarehe 20 Februari wakiwa wanaelekea Rabaul, ngome ya Wajapani kusini mwa Pasifiki, wakavamiwa na ndege za mabomu za Wajapani. Siku hiyo O'Hare alijikuta yeye na mwenzake tu kati ya meli na kundi la pili la mabomu, na bunduki za mwenzake zikakwama, akaenda peke yake. Akahesabiwa kuangusha ndege tano, akapewa Medali ya Heshima, ile ya juu kabisa kwao. Kama una ndugu aliyewahi kubadilisha ndege Chicago, ule uwanja wa O'Hare ni jina la huyuhuyu kijana. Hakuiona amani, alipotea usiku mmoja juu ya Pasifiki Novemba 1943.

Ila siku yenyewe ni 4 Juni 1942, Midway, kisiwa cha katikati ya Pasifiki ambacho Wajapani walikuja kukishambulia. Lexington ilishazama mwezi uliopita, O'Hare alikuwa mbali, na Thach yuko Yorktown, meli ambayo iliumia vibaya Mei ikarekebishwa Pearl Harbor kwa siku 3 tu ikarudishwa vitani. Kikosi chake nacho kilikuwa kimechanganywa, wengine walitoka kikosi kingine na hiyo habari ya kusuka hawajawahi hata kuisikia. Asubuhi ile akaambiwa uwasindikize Devastator 12, ndege za topido, nzito, za taratibu, zinaruka karibu na maji. Aliomba ndege 8, maana mpango wake ni wa nne nne, akapewa 6. Wawili akawaweka chini karibu na Devastator, yeye na watatu wakabaki juu.

Walipozikaribia meli za Wajapani zikawashukia Zero kati ya 15 na 20. Dakika za mwanzo tu mmoja wa wale wa juu, Edgar Bassett, akapigwa akaanguka na moto, wakabaki watatu. Sasa fikiria nafasi aliyokuwa nayo Thach. Mpango ni wa watu wanne kabaki na watatu. Wa tatu wake, Macomber, anatoka kikosi kile kingine, haujui mpango, na redio yake imekufa, amemganda Thach ubavuni hasogei. Anayejua kidogo ni kijana Robert Dibb. Thach akamuita redioni akamwambia toka hapo nenda mbali kule upande wa kulia, jifanye wewe ni kiongozi wa jozi. Kijana akaenda. Na kitu ambacho kilifanyika mezani kwa njiti na mara chache hewani kwa mchezo, sasa kikaanza kufanyika kweli.

Dibb akaita kwamba ana Zero mkiani. Thach akakata kona kumuelekea, akapita chini yake, na Zero akaja moja kwa moja usoni kwake. Hapo ilikuwa nani atageuka kwanza. Thach hakugeuka, akaendelea kufyatua, wakapishana karibu sana akauona moto unatoka tumboni mwa yule Mjapani. Ikafanya kazi. Wakarudia, ikafanya kazi tena. Siku hiyo asubuhi aliangusha tatu. Alikuwa na karatasi kafunga pajani anaweka alama kila anayeanguka, na mwenyewe alikuja kusimulia miaka ya baadaye kwamba ilifika mahali akaacha kuandika, akaona namuandikia nani, hii karatasi hairudi popote. Nilivyosoma hapo niliweka simu chini nikatoka nje kidogo.

Maana ndio hivyo, alikuwa anapigana akijua amekwisha, na huku chini wale aliotumwa kuwalinda wanakufa. Katika zile Devastator 12 hakuna hata moja iliyorudi kutua manowarini. Hakuna topido hata moja iliyogonga. Lakini karibu Zero zote zilikuwa zimeshuka kule chini kwa Thach na kwa zile topido, na juu angani hakukuwa na mtu, na hapo ndipo, kama saa nne na dakika ishirini na kitu asubuhi, zikaja ndege za mabomu za kupiga mbizi za Wamarekani kutoka juu kabisa. Thach aliinua macho akaona jua linametameta kwenye mabawa yao wakishuka mmoja nyuma ya mwingine, alisema yalikuwa kama maporomoko ya maji ya fedha. Ndani ya dakika chache Akagi, Kaga na Soryu zinawaka moto, meli tatu kati ya nne za kubeba ndege walizokuja nazo Wajapani.

Watu wengi wakisimulia Midway wanaishia hapo kwa Thach. Ila mchana wake alirushwa tena. Hiryu, ile meli ya nne iliyosalia, ilituma ndege zake za topido kuipiga Yorktown, na Thach akapaa wakati topido zinakaribia kuachiwa, magurudumu ndio kwanza kayamaliza kwa ule mpini wa mkono. Mbele yake ikatokea ndege ya Mjapani inaelekea meli. Akaipiga, bawa la kushoto likashika moto mpaka mbavu za chuma zikaonekana kwa ndani, na yule rubani hakuanguka, aliishikilia ile ndege inaungua mpaka akafika pa kuachia topido, akaachia, ndio akaingia baharini. Thach aliisimulia ile maisha yake yote na kila mara kwa heshima. Wanahistoria wengi wanaamini yule alikuwa Joichi Tomonaga, kiongozi wa msafara wenyewe, ambaye aliondoka Hiryu na tanki lililotobolewa asubuhi Midway, yaani alipaa akijua mafuta ya kurudi hana. Yorktown ikapigwa na wengine waliokuwa naye, na tarehe 7 ikazama.

Baada ya hapo Wamarekani walifanya jambo ambalo mimi naliona kubwa kuliko hata ile vita ya asubuhi, walimtoa Thach mstari wa mbele. Wakamwambia kafundishe. Wajapani wao marubani wao hodari waliwaacha mbele mpaka wanaisha mmoja mmoja na utaalamu wao wakaondoka nao, huku Marekani mtu aliyejua kusuka anakaa na vijana mamia kwa mamia, wanatengenezewa na filamu za mafunzo, na kule visiwa vya Solomon Jimmy mwingine, rubani James Flatley, ambaye mwanzoni hata yeye hakuwa na uhakika nayo, akaitumia vitani ikamuokoa akaipa jina la Thach rasmi.

Mwaka 1944 alirudi Pasifiki, safari hii kama ofisa wa operesheni wa admirali John S. McCain, babu yake yule seneta aliyekuja kugombea urais na Obama. Na hapo akakutana na tatizo jipya kabisa, kamikaze, marubani wa Kijapani wanaojigongesha na ndege zao melini. Rubani aliyeamua kufa humtishi kwa bunduki usoni. Thach akarudi kwenye meza yake. Akaja na kitu wakakiita blanketi kubwa la bluu, bluu kwa rangi ya ndege zao: kwamba adui tusimsubiri melini, twende tukakae juu ya viwanja vyake vya ndege mchana na usiku, wakiondoka hawa wanaingia wale, asipate hata nafasi ya kupaa. Ndege za kivita zikaongezwa melini, za mabomu zikapunguzwa. Na mbele mbali zikawekwa manowari ndogo zenye rada, kila ndege ya Marekani inayorudi lazima ipite izunguke hapo kwanza, maana Wajapani walishajua kujichomeka nyuma ya wanaorudi nyumbani waingie nao. Anayepita hajazunguka ndio adui. Wanamaji wenyewe wakaiita kutoa chawa. Mi nikicheka nacheka kwa furaha kwa sababu ni uleule ukili, mtu hajiangalii mgongo wake, kuna mwenzake kasimama mahali anamuangalizia.

Septemba 2, 1945 alikuwepo kwenye manowari ya Missouri pale Ghuba ya Tokyo wakati karatasi za kusalimu amri zinasainiwa. McCain bosi wake alifika nyumbani akafa, siku 4 tu baada ya ile sahihi, mwili ulikuwa umechoka.

Yaliyofuata ni marefu ila nitayasema kwa haraka. Korea, 1950, ni kapteni wa Sicily, meli ndogo ya kubeba ndege, na juu yake ana ndege za Corsair za wanamaji wa nchi kavu, wale wa kikosi cha Kondoo Weusi, wanawasaidia askari waliobanwa kule Pusan. Halafu akapewa meli kubwa, Franklin D. Roosevelt. 1955 akawa admirali. Na 1958 wakampa kazi ambayo wenzake wengi wangeiona kama adhabu, kuwinda nyambizi za Wasovieti kwenye Atlantiki. Kabla yake kazi hii ilikuwa ya kuokoteza, meli hii leo kesho ile, marubani hawa mwezi huu mwezi ujao wengine. Akasema hapana, nipeni meli zilezile, ndege zilezile, helikopta zilezile, nyambizi zetu pia, tukae pamoja mpaka tujuane. Kikaitwa Kikosi Kazi Alfa, na mwaka huohuo Septemba sura yake ikatoka kwenye ukurasa wa mbele wa jarida la Time. Miaka ya 60 mwanzoni alikuwa mkuu wa mambo ya ndege makao makuu, ndio kipindi ile ndege ya A-7 Corsair II inazaliwa, na 1965 akapata nyota 4 akapelekwa London kuongoza jeshi la majini la Marekani upande wa Ulaya. Alistaafu 1967.

Nimewahi kumuonyesha mtoto wa dada yangu hizi njiti, ana miaka kumi. Nikamwambia we ndio Zero, nishike. Akasogeza ya kwake, nikapishanisha zangu, akasogeza tena, nikapishanisha. Mara ya nne akainua uso akaniuliza, mjomba sasa huyu wa huku akilala je? Nikamwambia basi wote wawili wamekufa. Akanyamaza, akazitazama njiti muda, halafu akaniambia tuanze upya, yeye akae upande wangu.

Jimmy Thach alirudi kuishi Coronado, mji uleule wa meza ya jikoni, na alifia hapohapo 15 Aprili 1981, siku 4 kabla hajatimiza 76. Kazikwa Fort Rosecrans, makaburi ya kilimani upande wa pili wa ghuba ya San Diego, na ukisimama pale ukitazama chini ng'ambo ya maji unauona uwanja wa North Island ambao kikosi chake cha paka Felix kilikuwa kinapaa na kutua mwaka ule wa njiti.